Kigoda, Mailo na Posho: Mwongozo wa Kuandika Tamthilia na Mtu wa Ng'ambo

Siku utakayoamua kuandika mchezo na mtu ambaye hakulelewa kwa lugha yako, usianze na wazo la mchezo. Anza na kigoda.

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba mtawala wa Milansi, kijiji cha wahunzi, aliondoka nyumbani akamwachia mkewe agizo: mgeni yeyote akija, asikalishwe kwenye kigoda chake. Wakaja wanawake wageni, hoi kwa safari. Mke akaona haya kuwaacha wamesimama, akakitoa kigoda. Mume aliporudi akakuta nchi imeshapata wenyewe wengine. Wakapatana: wageni wakashika utawala, Milansi ikabaki na eneo lake dogo na heshima yake ya kimila. Mwanaanthropolojia Roy Willis alizikusanya simulizi hizi miaka ya 1960. Mimi huzisikia kama habari ya mkataba wa ushirikiano, na kasoro ya mkataba ule iko wazi: masharti yalijadiliwa mgeni akiwa ameshaketi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wako wewe unayeandika michezo Sumbawanga, Matai, Namanyere au Laela, pengine ukiwa mwalimu wa sekondari, pengine mwanakwaya aliyechoka na maigizo ya Krismasi, na sasa umepata, au unatafuta, mwenzako wa utamaduni mwingine ili muandike kitu kisichofuata njia iliyozoeleka. Mengi yaliyomo humu nimeyajua kwa kukosea.

Anza na jirani

Ukitaja ushirikiano wa tamaduni, watu wanawaza ndege. Wana sababu. Mwaka 2016 kundi la Flinn Works la Berlin na Asedeva la Dar es Salaam walitengeneza Maji Maji Flava, wakairudia vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 kwa macho ya pande zote mbili, Wajerumani na Watanzania jukwaa moja. Kabla ya hapo Taasisi ya Sundance ya Marekani ilikuwa ikiwakusanya waandishi wa Afrika Mashariki kisiwani Manda, Lamu, wakae, waandike, wasomeane. Mwaka 2014 likazaliwa Tamasha la Kimataifa la Thieta la Kampala, na Mganda Deborah Asiimwe akiwa miongoni mwa waasisi wake. Hayo ni mambo makubwa, na ukipata nafasi usiikatae.

Ila hebu tazama ramani ukiwa umesimama Sumbawanga. Ukishuka kupitia Matai hadi Kasesya, umefika Zambia. Mbele kidogo ni Mbala, mji ulioitwa Abercorn, ambako kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Ukishuka Kasanga, ziwa linakupeleka Mpulungu, na ng'ambo yake ni Moba na Kalemie, Kongo. Ukiteremka upande wa pili, bonde la Ziwa Rukwa, utakutana na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, na bado kuna mambo ambayo wao na wenyeji hawajayamaliza kusemezana. Ukihesabu na wako, ni tamaduni nne, na nauli yake ni ya basi na boti. Mwandishi wa Mbala anakufaa kuliko wa Berlin kwa sababu moja ya kazi: akikosea jambo kuhusu kwenu, bibi yako anaweza kumwambia ana kwa ana, na wiki ijayo akaja tena.

Wala usidharau tofauti iliyo ndani ya nchi. Tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyochapwa 1982, iliandikwa na wanawake watatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoandika tamthilia yao ya mpiganaji wa Mau Mau, Dedan Kimathi, iliyopandishwa jukwaani 1976, walikwenda Karunaini, Nyeri, kuwasikiliza watu waliomfahamu. Walikwenda wote. Hilo lishike: safari ya kutafuta habari isiwe ya mmoja, mwingine akasimuliwa. Mkienda pamoja kwa mzee mmoja, mtarudi na wazee wawili, kwa kuwa kila mmoja atakuwa amemsikia mzee wake.

Siku tatu za kwanza msiandike mchezo

Kaeni. Siku ya kwanza kila mmoja amwandikie mwenzake ukurasa mmoja juu ya jiko la mama yake: nani anaingia, nani haruhusiwi, nini kinasemwa ugali ukiungua. Siku ya pili mbadilishane: wewe andika jiko la mama yake, yeye aandike la mama yako. Utakuta amemkalisha baba yako jikoni anamenya viazi. Usimrekebishe papo hapo. Mwachie, kisha umuulize kwa nini. Siku ya tatu kila mmoja aseme kitu kimoja kuhusu kwao ambacho hataki kichekwe na watu wa nje. Andikeni vitu hivyo viwili kwenye karatasi moja, ibandikeni ukutani, na ibaki hapo mpaka mwisho wa kazi. Haina maana kwamba havitaguswa. Ina maana kwamba wa kuvigusa ni mwenyewe.

Lugha

Hapa ndipo michezo mingi ya namna hii inapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kawaida huwa hivi: mhusika anasema neno kwa lugha yake, kisha mwingine anageukia watu na kulirudia kwa Kiswahili. Baada ya dakika kumi hadhira imejifunza kutosikiliza lugha ya kwanza, inangoja tafsiri. Lugha ya mwenzako imekuwa kelele za kupisha, kama pikipiki inayopita nje.

Chukua mfano. Tuseme mchezo wenu mmeuweka gatini Kasanga, watu wanasubiri Liemba. Meli hiyo peke yake ni tamthilia: iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina hili la Liemba. Gatini kuna watu watatu: mzee wa Kifipa ambaye babu yake alikuwa mhunzi, binti mchuuzi wa dagaa, na mama wa Mpulungu anayerudi kwao. Sehemu ya mama anaiandika mwenzako wa Mbala. Binti anauliza meli inakuja lini, na mama anajibu kwa Kibemba kwa neno mailo.

Sasa, mailo ni kesho. Na ni jana pia. Kwa Kibemba kinachoamua ni kitenzi: kikiwa cha wakati ujao, mailo ni kesho, kikiwa cha wakati uliopita, mailo ni jana. Rasimu ya kwanza utakayopokea itakuwa na kitenzi, maana mwenye Kibemba chake hana haja ya kumchanganya mtu. Wewe utaandika "itakuja kesho", na mchezo utaendelea mbele kama basi lisilo na abiria. Rasimu ya pili, mwombe mwenzako akitoe kile kitenzi. Kisha mwone kinachobaki:

BINTI: Shikamoo mama. Meli lini?
MAMA: Marahaba, mwanangu. Mailo.
BINTI: Mailo ndiyo nini?
MZEE (hageuki): Kwao ni kesho.
BINTI: Afadhali.
MZEE: Na jana.
(Kimya. Binti anatua kapu la dagaa taratibu.)

Hakuna aliyeitafsiria hadhira. Mzee amemjibu binti, na amemjibu kwa mafungu mawili kwa sababu ndivyo alivyo. Aliyekuja kutoka Mpulungu atacheka kwenye "mailo", wa Sumbawanga atacheka kwenye "na jana", na hapo katikati kuna pumzi moja ambayo pande mbili za uwanja zinatazamana. Muhimu zaidi, mstari ule usingeandikwa na mmoja wenu peke yake. Msema Kibemba hauoni utata huo, ameuzoea tangu utotoni. Msema Kiswahili hanao. Ukinitaka kipimo cha ushirikiano wa waandishi, ni hicho: pitia muswada, tafuta mistari ambayo haikuwezekana bila nyinyi wawili. Kama hakuna hata mmoja, mmeandika michezo miwili na kuishona kwa uzi mweupe.

Maneno ya namna hii yako mengi, yatafuteni kwa makusudi. Mtoto wa Kibemba akiita "Tata!" anamwita baba yake, mtu wa Tanga aliyeketi mstari wa tatu anasikia fundo lisilofunguka. Je, mnamsaidia huyo wa Tanga, au mnamwacha abaki na tata lake mpaka baba atakapotokea? Mimi ningemwacha.

Msiogope pia kutafsiri kwa msimamo. Mwalimu Nyerere alipoigeuza ile tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1969, hakuiita mfanyabiashara wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi: mtu mmoja akawa wengi, na biashara ikawa ubepari. Hilo ni neno la mwandishi, si la karani. Kwa hiyo kama kati yenu kuna mtu wa tatu anayetafsiri, jina lake liende juu pamoja na yenu na fungu lake la fedha lijulikane mapema. Amandina Lihamba naye alipoichukua hadithi ya Msenegali Ousmane Sembène akaifanya Hawala ya Fedha, 1980, hakuibeba kama mzigo wa posta. Aliileta ikae kwetu.

Na Kifipa je? Angalizo moja tu, ila ninalirudia kila mahali: Kifipa kisiwe cha kuimbia na kutukania tu. Ukikuta kwenye muswada wenu mambo yote mazito yanasemwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na Kifipa kinatoka kabatini wakati wa ngoma na ulevi, mmeshamweka mama yenu uani. Mpe mhusika mmoja afikiri kwa Kifipa. Afikiri kwa sauti, mbele ya watu, hata kama nusu ya watu hawaelewi.

Tanuru mbili

Wahunzi wa Ufipa walikuwa na tanuru za namna mbili. Ya kwanza ni zile ndefu, malungu, za udongo, nyingine zilifika mita tatu kwenda juu. Hazikuvuviwa. Upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukajivuta. Kilichotoka humo kilikuwa chuma ghafi, hakijafaa hata jembe. Kilipelekwa kwenye tanuru ndogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, kisha nyundo.

Andikeni hivyohivyo. Rasimu ya kwanza kila mmoja aandike kwake, peke yake, wiki mbili au tatu, bila kutumiana kila ukurasa kwa simu na bila kuulizana "unaonaje?" Acha moto ujivute. Baada ya hapo kaeni meza moja na mivukuto: somaneni kwa sauti, kateni, bishaneni, badilishaneni wahusika. Kosa ninaloliona kila mara kwenye warsha zenye wafadhili ni kuleta mivukuto kwenye tanuru ndefu. Siku ya kwanza tu, kabla mtu hajaandika neno, kuna chati ukutani, kalamu za rangi, vikundi vya watu watano, na mwezeshaji anayesema hakuna jibu baya. Yapo majibu mabaya. Mengi yanatokana na chati.

Nyundo ni waigizaji. Wakishaupokea muswada, kubalini kwamba theluthi ya maneno itaanguka. Mwigizaji mzuri akikuonyesha kwamba anaweza kuusema ukurasa wako kwa kugeuza shingo, futa ukurasa, umshukuru.

Kuhusu neno lenyewe, majaribio: si kuvaa magunia na kupiga mayowe gizani. Ebrahim Hussein alisomea Berlin, tasnifu yake ya udaktari aliiandika huko juu ya thieta ya Afrika Mashariki, lakini Jogoo Kijijini, 1976, aliijenga juu ya msimulizi, umbo ambalo bibi yeyote wa Kilwa angelitambua. Robert Serumaga wa Uganda katika Renga Moi, 1972, aliuachia mwili, ngoma na sauti kazi ambayo wengine huyapa maneno. Wote wawili walijua kanuni wanayoivunja. Ninyi vunjeni moja. Kama mmeamua muda usiende mbele, kama katika ule mfano wa gati, basi jukwaa, mavazi na wahusika viwe vya kawaida kabisa ili watu wapate pa kushika. Ukivunja kila kitu kwa pamoja hakuna anayesikia kitu kikivunjika.

Radi

Siku ya tatu au ya nne, baada ya chakula, mgeni wako atauliza kuhusu radi. Atauliza kwa adabu, pengine kwa kicheko. Amesikia kwamba Sumbawanga mtu anaweza kutumiwa radi mchana kweupe, na angependa "tuiguse kidogo" kwenye mchezo. Sio wa ng'ambo tu. Wa Dar es Salaam huuliza hata kabla hajashuka kwenye basi.

Mweleze kwanza jina. Wenyeji hulifasiri hivi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mji umeitwa Tupa Uchawi, na taifa zima limesikia kinyume chake. Mwambie pia kwamba tuhuma za uchawi nchi hii zimewaua vikongwe wa kweli, kwa mapanga ya kweli, kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni. Kwa hiyo si pambo la jukwaani.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kukataa, na ni haki yako. Karatasi ile ya ukutani ipo kwa ajili hiyo. Ya pili naipenda zaidi: mwandike anayeuliza. Weka jukwaani mgeni mwenye daftari anayezunguka kijiji kizima akitafuta radi, na vijana watatu wanaomuuzia moja ndani ya chupa ya soda, wakimwonya asiifungue mpaka avuke Tunduma. Hapo mcheshi ni kijiji, na aliyeandika vicheko ni wewe pamoja na huyohuyo mgeni, kwa ridhaa yake. Nimeona mtu akijicheka mwenyewe vizuri sana akipewa nafasi ya kuandika mistari yake.

Haki hiyo ina upande wa pili. Chunguza wewe unachokitaka kutoka kwake. Kama mwenzako ni Mkongo, umeshampangia kucheza muziki na kuvaa suti ya rangi ya chungwa? Kama ni Msukuma wa bondeni, kila anapoingia ana ng'ombe shambani kwa mtu? Utani wetu wa makabila ni mtamu, lakini hata mtani ana watu wake wa kumtania. Haruki uzio wa kila nyumba.

Karatasi

Nitakuwa mfupi, ila usiiruke sehemu hii.

Niliwahi kuandika karibu nusu ya mchezo pamoja na kundi fulani lililotoka nje. Hatukuandikiana kitu, tulikuwa marafiki. Bango lilipotoka nikajitafuta juu, nikajitafuta katikati, nikajikuta chini kabisa kwenye "shukrani", kati ya dereva na mama ntilie. Mama ntilie alistahili. Mimi nilijilaumu mwenyewe.

Ukurasa mmoja unatosha, utiwe saini kabla ya siku ya kwanza ya kuandika. Useme majina yatapangwaje na yatatokea wapi. Useme nani anaruhusiwa kubadili mstari wa mwenzake na kwa utaratibu gani. Useme mmoja akijitoa katikati, mwingine anaweza kuendelea na nini na hawezi kuendelea na nini. Useme kuhusu video, maana siku hizi mchezo wa usiku mmoja unaishi kwenye simu miaka kumi. Na useme fedha: si jumla tu, bali nani anapata kiasi gani kwa siku. Posho ndiyo inayoua urafiki. Mgeni akilipwa kwa dola na mwenyeji kwa shilingi, kila mmoja kwa bahasha yake, jambo litajulikana siku ya pili na litaharibu mazoezi ya siku ya tatu. Ziwekwe mezani mbele ya wote. Kama kuna tofauti, ielezwe. Watu wanavumilia tofauti waliyoelezwa.

Kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inaitambua kazi ya waandishi wawili au zaidi, na ulinzi wake unaendelea miaka 50 baada ya kufa yule wa mwisho kati yao. Kwa hiyo wajukuu zenu wamo kwenye ukurasa huo mmoja. Sajilini muswada COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndilo la kuuliza. Ngano ya Milansi ni ya watu, si ya aliyewahi kuichapa kwanza, wala si yako kwa kuwa wewe ni Mfipa. Maonyesho ya jukwaani yanaangukia pia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Ukiona msitu huo unatisha, pita kwanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako na muswada mkononi, mapema, si siku mbili kabla. Na mwenzako wa nje asiingie nchini kama mtalii akaja kufanya kazi. Ulizeni Uhamiaji kabla hajapanda basi.

Kuhusu mzee aliyewapa hadithi: mlipeni, mwandikeni jina kama anataka, na kabla ya kuonyesha mjini mrudishieni mchezo nyumbani kwake aone. Akisema kipande fulani si cha kuonyeshwa, kitoeni. Kwa hili msinibishie.

Msimu na mahali

Mvua zikianza Novemba, kila mtu yuko shambani, na ukumbi wenye paa la bati haufai kwa neno lolote lililo chini ya mayowe. Mavuno yakiisha watu wana nafasi, wana chakula, wana hamu ya kukaa pamoja. Panga mazoezi kuanzia Julai au Agosti, maonyesho Septemba na Oktoba. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Mwenzako wa Mpulungu au Kalemie amezoea joto la ufukweni. Siku ya nne sauti itamkauka. Mkopeshe koti kabla hajaomba, na mtafutie chai ya tangawizi. Nimeona onyesho zima likifutwa kwa sababu ya koo moja.

Msianzie ukumbini. Anzieni uwanja wa shule kijijini au kando ya mnada, jioni, watu wakiwa wamesimama. Mtu aliyesimama anaondoka akichoka, na hakuna mhakiki mkweli kumzidi. Kisha vukeni mkaonyeshe upande wa mwenzako, muswada uleule, bila kugeuza lugha. Vicheko vitahama mahali. Muwe na mtu wa kuandika vilikohamia. Hiyo ndiyo ripoti pekee yenye maana kwenu, hata kama mfadhili ana fomu yake.

Onyesho likiisha, zungumzeni na watu. Somo hili ni la zamani: Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walipofanya kazi kijijini Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjadala wa wanakijiji haukuwa nyongeza ya mchezo, ulikuwa sehemu yake. Ila chunga swali. Ukiuliza "mmejifunza nini?" utapewa kaulimbiu, maana watu wetu ni waungwana na wanajua mgeni anataka kusikia nini. Uliza swali la kitoto: "Yule mama gatini alikuwa anasubiri nini?" Mmoja atasema meli. Mwingine atasema mume. Kibibi kimoja nyuma kitasema hasubiri kitu, meli yake ilishapita. Mwenzako asiyejua Kiswahili atafsiriwe neno kwa neno, papo hapo, kwa kunong'onezwa. Kesho yake asubuhi rudini kwenye muswada.

Jambo la mwisho ni kuchapa. Mwaka 1978 Willis alitoa kitabu Oxford, There Was a Certain Man, kilichojaa sanaa ya kusimulia ya Wafipa, kwa Kiingereza. Ni kitabu kizuri, na sijawahi kukiona dukani Sumbawanga. Ninyi chapeni muswada wenu ukiwa na lugha zake zote ndani, Kifipa, Kibemba na Kiswahili, hata kama ni kwa mashine ya fotokopi na kubanwa pini pembeni. Nakala moja iende maktaba ya mkoa, moja ivuke Kasesya hadi Mbala, moja ikae kwa mzee aliyewapa hadithi, hata kama hasomi. Mjukuu wake anasoma. Fanyeni hivyo kabla ya onyesho la mwisho, kwa sababu baada ya onyesho la mwisho kila mtu hupanda basi lake.